Nani Anatuma kwa Jina Letu? Mhadhara kuhusu Seva ya Barua Iliyofungiwa Mlango



Nilipopigiwa simu kualikwa hapa niliulizwa kama ningependa kuzungumzia akili bandia. Nikasema hapana, nitazungumzia barua zinazorudi. Aliyenialika alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa adabu kwamba labda watu watakuwa wachache. Nikiangalia viti vilivyojaa naona wengi wenu mmewahi kurudishiwa.

Nianze na asubuhi moja ya msimu wa udahili, katika chuo ambacho nilikihudumia kwa miaka kadhaa na ambacho sitakitaja. Karani wa udahili alikuja ofisini kwetu na karatasi mkononi. Ujumbe ulikuwa umemrudia kwenye kompyuta, naye akauchapa kwenye karatasi, maana alikwishajifunza kwamba mafundi ukiwaeleza kwa mdomo watakuuliza kama umezima na kuwasha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Barua zangu za kuwaita wanafunzi zinarudi. Lakini si zote. Zinarudi za wenye anwani za kampuni ile kubwa tu. Wengine wanapata kama kawaida."

Karani yule alikuwa amemaliza nusu ya uchunguzi bila kujua. Zingerudi zote, ningetazama ndani kwetu: seva imelala, diski imejaa, au ada ya kikoa haijalipwa, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wahasibu wanavyokubali. Ingerudi moja, ningemwuliza kama ameandika anwani sawasawa. Zikirudi za mlango mmoja, mwenye mlango huo amekataa. Na mwenye mlango akikataa, kwa kawaida husema sababu. Shida ni kwamba hatumsomi.

Jibu la seva ya mpokeaji huanza na tarakimu tatu. Ikianza na 2, barua imepokelewa. Ikianza na 4, mwenye mlango anasema: sasa hivi hapana, jaribu baadaye. Ikianza na 5, amekataa na hataki urudie. Baada ya hapo huja namba nyingine yenye nukta. Ukiona 5.1.1, mtu unayemwandikia hayupo. Ukiona 5.2.2, sanduku lake limejaa. Ukiona 5.7.1, au ndugu zake wa ukoo wa 7, hapo pana neno: umekataliwa kwa sababu ya usalama au sera, yaani wamekutazama wewe uliyebeba, na barua yenyewe huenda hawakuifungua kabisa. Karatasi ya karani ilikuwa na 550 na 5.7.1.

Fundi wetu, kijana hodari, alikuwa ameiona namba hiyo tangu alfajiri. Alichofanya ni kubonyeza amri ya kutuma upya foleni nzima. Ikarudi. Akabonyeza tena. Mlinzi wa geti akikuambia hupiti, ukaenda na kurudi mara 40 kwa saa moja, usitegemee atakuona mtu mwema zaidi. Namba 4 huruhusu kurudia, na seva inajua kurudia yenyewe kwa mwendo wa taratibu. Namba 5 inataka ukae chini usome.

Kuna hali ya tatu ambayo ni mbaya kuliko hizo mbili: unapata 250, imepokelewa, logi yako ni safi, na mpokeaji anaapa hajaona kitu. Mara nyingi hiyo barua imewekwa kwenye folda ya taka. Hapo hakuna karatasi ya kuchapa.

Kwa nini mtu akataliwe kabla ya kusomwa? Turudi nyuma kidogo. Utaratibu wa kupeleka barua tunaoutumia hadi leo, SMTP, uliandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982. Ni utaratibu wa watu wanaojuana. Ukiwa na subira unaweza kuongea na seva kwa mkono kupitia poti 25: unajitambulisha kwa HELO na jina lolote upendalo, unataja mtumaji, unataja mpokeaji, unaandika barua, unaweka nukta kwenye mstari wake peke yake, umemaliza. Hakuna mahali palipoulizwa: wewe kweli ndiye? Nilipowaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwa mara ya kwanza, mmoja alijiandikia barua kutoka kwa Mkuu wa Chuo akimsamehe ada. Ilifika.

Uchafu wenyewe, yaani barua za taka zisizoombwa, una umri mkubwa kuliko SMTP. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta mpya, bila wao kuomba. Alikemewa. Miaka ya tisini uchafu ukawa biashara, na mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake wakaanza kutangaza orodha ya namba za mashine zinazotuma taka, ili mwenye seva yoyote aweze kuuliza orodha hiyo kabla ya kufungua mlango. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus, ambayo orodha zake ndizo mtakazokutana nazo zaidi. Mwezi Januari 2004 Bill Gates alisema huko Davos kwamba baada ya miaka 2 tatizo la taka litakuwa limekwisha. Mwaka 2008, mwezi Novemba, kampuni moja tu ya kuhifadhi seva huko California, McColo, ilipokatiwa mtandao, taka za dunia nzima zilishuka kwa zaidi ya nusu usiku mmoja. Zikapanda tena.

Katika hali hiyo wenye milango mikubwa walifanya lile ambalo yeyote angefanya: walianza kumhukumu mbebaji kabla ya kuihukumu barua. Na mbebaji hujulikana kwa namba yake ya IP.

Hapa Waswahili hatuhitaji maelezo marefu, maana tumekulia kwenye sanduku la posta. Barua za mtaa mzima zilikuja kwa S.L.P. ya shule, au ya kanisa, au ya duka la mzee mwenye heshima. Namba moja, watu mia. Akitokea kijana mmoja akaitumia kuagizia vitu asivyolipia, wanaodai wataandika kwa namba ile, na jina la mwalimu mkuu litachafuka pamoja. Namba ya IP ya chuo ni sanduku la namna hiyo.

Basi tuliuliza orodha. Kuuliza kwenyewe ni kwa DNS: unaigeuza namba yako kinyumenyume, unaongeza jina la orodha, unasubiri jibu. Tuseme namba yako ni 192.0.2.25, unauliza 25.2.0.192.zen.spamhaus.org. Jibu likiwa tupu, haumo. Likirudi 127.0.0.2, umo kwenye orodha ya watuma taka wanaojulikana. Likirudi 127.0.0.4, wanasema kwenye namba yako kuna mashine iliyoambukizwa. 127.0.0.10 au 11 maana yake namba hiyo ni ya wateja wa kawaida wa nyumbani, haikutarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Onyo moja kutoka kwa aliyeungua: msiulize kupitia huduma za DNS za wote kama 8.8.8.8. Spamhaus huzikatalia na kurudisha 127.255.255.254, na nimewahi kuona seva iliyosoma jibu hilo la kukataliwa kana kwamba ni hukumu, ikatupa barua zote zilizokuja kwa siku mbili.

Jibu letu lilikuwa 127.0.0.4. Mashine iliyoambukizwa. Fundi akaikagua seva ya barua kuanzia juu mpaka chini, akaikuta safi kama sahani ya mgeni. Siku nzima ikapita. Jioni ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba seva ile, pamoja na maabara ya kompyuta, maktaba, na simu za wanafunzi wote waliounganishwa na mtandao wa chuo, vyote vilitoka nje kwa namba moja. Ruta ilikuwa inavifunika vyote kwa kanga ile ile. Tukawasha logi ya ruta, tukalala. Saa nane usiku kompyuta moja ya maabara, isiyo na mtu mbele yake, ilikuwa ikigonga poti 25 za mashine za dunia nzima, mamia kwa mamia. Mtu alikuwa ameiwekea programu ya kuvunja leseni kutoka kwenye flashi.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye ruta: poti 25 kwenda nje iruhusiwe kwa seva ya barua peke yake. Kama mtatoka hapa na kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi, kiwe hicho. Watumiaji wa kawaida hawaihitaji. Wao hutuma kupitia poti 587 au 465, kwa jina na nywila. Na mkiweza, ipeni seva namba yake yenyewe, isilale kitanda kimoja na maabara.

Tulipokuwa hapo tukagundua aibu nyingine. Namba yetu haikuwa na jina. Kikoa chetu kilijua kwamba seva ina namba fulani, lakini ukiuliza kinyume, namba hii ni ya nani, hapakuwa na jibu. Rekodi hiyo huitwa PTR, na milango mikubwa humtazama asiye nayo kama mtu anayehojiwa getini asiye na kitambulisho. Wengi hudhani PTR huwekwa pale pale unapoweka rekodi nyingine za kikoa. Siyo. Jina ni lako, lakini namba ni ya aliyekukodishia, na kwa kawaida ni yeye anayeweza kuiandika. Tulimwandikia mtoa huduma wetu wa intaneti. Tukaambiwa tulete barua ya ofisi yenye mhuri. Tukapeleka. Tukaambiwa anayeshughulika yuko likizo. Ilichukua wiki kadhaa kuandika mstari mmoja, na nadhani nusu ya nywele zangu nyeupe zimetoka hapo.

Lakini nisiwarushe mbele. Maabara ikafungwa mdomo, tukaomba kuondolewa kwenye orodha ya Spamhaus, tukaondolewa. Baada ya siku mbili mlango mkubwa nao ukafunguka. Karani wa udahili akatuletea chai na mandazi. Siku ya tisa akarudi tena na karatasi.

Hapo mkuu wa kitengo alisema maneno ambayo kila mkuu wa kitengo huyasema: tununue namba nyingine. Nilimpinga, na leo bado ningempinga. Kwanza, kuruka kutoka namba hadi namba ndio mwendo wa watuma taka wenyewe, na milango mikubwa inaujua. Pili, namba mpya haina historia, na mbele ya mlango usiokujua kutokuwa na historia si usafi. Utapokelewa barua chache chache, wiki baada ya wiki, mpaka wakuzoee. Tatu, ni kuhama nyumba kwa sababu ya kunguni huku umebeba godoro lile lile.

Safari hii jibu la orodha za hadharani lilikuwa tupu. Hatukuwamo popote. Na hili lazima lielezwe wazi kwa sababu huwachanganya wengi: kampuni kubwa zina orodha zao za ndani, ambazo huwezi kuziuliza. Zinajengwa kwa yale wanayoyaona wao: barua ngapi zimetoka kwako kwenda kwa watu wasiokuwepo, ngapi wasomaji wao wamezitia alama ya taka, ngapi zimefutwa bila kufunguliwa. Unaweza kuwa msafi kwa dunia nzima na mchafu kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo tulipobadilisha swali. Kwa majuma mawili tulikuwa tukiuliza kwa nini wametufungia. Swali hilo wanaoweza kulijibu ni wao, na wao, zaidi ya ile namba, hawasemi. Tukauliza lile tunaloweza kulijibu wenyewe: nani anatuma kwa jina letu? Mkuu wa kitengo alijibu haraka: seva yetu. Nikamwomba tuandike ubaoni.

Tukaandika seva. Fundi akakumbuka tovuti, ambayo ina fomu ya maulizo na iko kwa kampuni nyingine. Mhasibu, tuliyempigia simu, akakumbuka mfumo wa ada, unaotuma stakabadhi kutoka kwenye seva za waliouuza. Mtu wa wahitimu akasema yeye hutuma jarida kila robo mwaka kwa huduma ya kulipia, akitumia anwani ya chuo. Maktaba ilikuwa na mashine ya fotokopi inayoskani na kutuma. Mwishowe ubao ulikuwa na watumaji 7. Rekodi yetu ya SPF ilimtaja mmoja.

Nieleze hizi herufi kwa ufupi, maana zimeandikiwa vitabu na hazistahili. Barua pepe ina bahasha na ina karatasi ya ndani. Jina la mtumaji huandikwa mara mbili, kwenye bahasha na kwenye karatasi, na hakuna anayezuia majina hayo yasifanane. Msomaji huona la kwenye karatasi tu. SPF, iliyotangazwa rasmi mwaka 2006, ni tangazo unaloweka kwenye kikoa chako: wanaoruhusiwa kubeba bahasha zenye jina langu ni hawa. DKIM, ya mwaka 2007, ni muhuri unaopigwa kwenye karatasi yenyewe, nao ufunguo wa kuuhakiki umewekwa kwenye kikoa. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inauliza kama jina lililo kwenye karatasi linalingana na lile la bahasha iliyopita au la muhuri uliopita, na kama halilingani, mwenye jina anataka barua ifanywe nini: iachwe, iwekwe kando, au ikataliwe.

Makosa ninayoyaona kwa wingi ni matatu. La kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya zamani na moja iliyoongezwa na mtu wa tovuti; zikiwa mbili, zote zinahesabiwa kosa. La pili ni kuwajumlisha watoa huduma wengi mpaka rekodi inahitaji maulizo ya DNS zaidi ya 10, ambayo ndiyo mwisho ulioruhusiwa. Hapo inavunjika kimya kimya. La tatu ni kurukia kukataa katika DMARC siku ya kwanza, na kujikuta umezizuia stakabadhi zako mwenyewe.

Mimi huwaambia vijana waanze DMARC kwa kuacha kila kitu kipite, na waombe taarifa. Wengi hawajui kwamba taarifa hizo ndizo hazina yenyewe. Kila siku wapokeaji wakubwa hukuletea faili: jana namba hizi zilituma barua zenye jina lako, ngapi zilipita, ngapi hazikupita. Ndizo zilizotuonyesha kwamba ubao wetu wa watumaji 7 ulikuwa na pengo. Kulikuwa na wa nane, hatujawahi kumjua: idara moja ilikuwa imesajili huduma ya kutuma mialiko ya semina, kwa kadi ya benki ya mkuu wa idara.

Neno kikoa, ambalo tumelipa kazi hii ya mitandao, lina maana ya zamani: watu wanaokula pamoja kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Sijui kama waliolichagua walikuwa wanalifikiria hilo, lakini tulipokuwa tumesimama mbele ya ubao ule nililiona linafaa sana. Watu wanane walikuwa wanakula kikoa kimoja, na hakuna aliyejua nani analeta nini.

Tukasawazisha yote hayo. Bado mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa lilinileta hapa. Baadhi ya kampuni kubwa zina utaratibu wa kukupa nakala ya kila barua ambayo msomaji wao ameitia alama ya taka, ikiwa utathibitisha kwamba namba iliyoibeba, au kikoa kilichoitia muhuri, ni mali yako. Microsoft wana wao, Yahoo wana wao. Google hawatoi nakala, ila wana ukurasa wa kuonyesha kiwango cha malalamiko. Kampuni iliyotufungia ilikuwa na utaratibu huo wa nakala pia. Kujiandikisha kulihitaji uthibitisho kutoka kwa mwenye rundo la namba, yaani yule yule mtoa huduma wa mhuri na likizo, na sitawachosha tena na habari zake. Taarifa zikaanza kuja.

Tulitegemea kuona barua za udahili. Tuliona matangazo ya dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu za Ulaya, na urithi wa majenerali. Fundi alishika kichwa akidhani tumevamiwa. Nikamwambia asome vichwa vya barua kutoka chini kwenda juu, maana kila seva inayoipitisha barua hubandika mstari wake juu ya ule uliotangulia. Barua zile hazikuanzia kwetu. Zilitoka mbali, zikaja kwenye sanduku la chuo, na seva yetu ikazisukuma kwenda kwa kampuni kubwa.

Kwa nini izisukume? Kwa sababu tulikuwa tumeiamuru. Miaka iliyopita, kwa wema kabisa, chuo kiliamua kwamba walimu wanaostaafu wabaki na anwani zao, na barua zao zipelekwe moja kwa moja kwenye anwani zao za binafsi. Anwani ya mwalimu aliyeitumia kwa miaka 15 iko kwenye kila orodha ya anwani wanayoitumia watuma taka duniani. Taka zote zikija kwetu, sisi tulizibeba nzima nzima mpaka kwenye mlango wa kampuni kubwa, na machoni pa mlinzi sisi ndio tuliokuwa tumezishika. SPF inavunjika hapo, kwa sababu bahasha ina jina la mtu mwingine na mbebaji ni sisi. Na mzee akifungua sanduku lake akaona upuuzi, akabonyeza kile kitufe, anamshitaki aliyeleta.

Tulikuwa tumeshitakiwa na wazee wetu wenyewe.

Piga hesabu. Mwaka 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti yaliyoanza kufanya kazi Februari 2024. Microsoft nao walifuata Mei 2025. Anayetuma barua kwa wingi, ambao kwa Google na Microsoft ni kama 5,000 kwa siku, awe na SPF, DKIM na DMARC. Kwa Google na Yahoo, barua za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa bonyezo moja. Na kwa hao hao wawili malalamiko yasifike asilimia 0.3. Yaani wasomaji 3 katika kila 1,000. Masharti hayo yamewalenga wakubwa, lakini hesabu yake inawaumiza zaidi wadogo. Chuo kinachotuma barua 300 kwa siku kwenye mlango mmoja, mzee mmoja akikasirika mara moja kwa siku, kimeshavuka.

Tulikata usukumaji wote. Nimeulizwa mara nyingi kama hakuna njia laini. Zipo: kuchuja taka kabla ya kusukuma, kuandika upya bahasha kwa jina la chuo, na ule utaratibu wa ARC wa kubandika ushahidi wa kila aliyeipitisha barua. Nimezijaribu. Kwa taasisi yenye fundi mmoja na nusu, nashauri mkate. Anayetaka barua zake aje azisome kwenye sanduku lenyewe.

Baada ya hapo ndipo tulipojaza fomu ya kuiomba kampuni ile itufungulie. Wengi huijaza siku ya kwanza, kwa hasira. Wanaandika kwamba wao ni taasisi ya umma, kwamba hawajawahi kutuma taka, kwamba wanafunzi wanateseka. Mtu anayesoma maombi hayo, kama ni mtu, amesoma mengi ya namna hiyo, na mengi yametoka kwa matapeli. Sisi tuliandika mistari mitano: namba yetu ni hii, chanzo cha kwanza kilikuwa hiki, kikafungwa tarehe hii, chanzo cha pili hiki, kikafungwa tarehe hii, PTR, SPF na DKIM ziko hivi, anayeshughulikia malalamiko anapatikana kwenye anwani hii. Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika chache, la mashine: hamstahili. Usikate tamaa kwa jibu la dakika chache. Tulijibu juu ya jibu hilo hilo, kwa upole, mistari ile ile. Siku iliyofuata mtu mwenye jina alituandikia kwamba mlango utafunguliwa kidogo kidogo.

Sitaki mdhani ninawasifu. Barua pepe ilijengwa ili yeyote aweze kuwa posta. Leo posta za dunia zimebaki chache, na ukifungiwa huna mahakama ya rufaa, una fomu. Na sisi wa bara hili tunaingia kwenye foleni tukiwa tumeshachafuliwa. Mwaka 2021 AFRINIC, shirika linalogawa namba za IP kwa Afrika, lilieleza katika ripoti yake jinsi namba zaidi ya milioni 4 zilivyochepushwa kinyume cha taratibu. Namba za Afrika zimewahi kukodishwa kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika, na baadhi zimetumika kwa taka. Ukipewa namba leo, uliza nani alilala humo kabla yako.

Kuna wanaoniuliza: basi kwa nini tusikabidhi barua zetu zote kwa kampuni hizo, tukalale? Taasisi nyingi zimefanya hivyo, na sitamlaumu mkuu wa shule mwenye kompyuta tatu. Wengine hubaki na seva yao ya kupokea na kulipia mbebaji wa kutuma, na hiyo ni njia ya kati ninayoipenda. Lakini lile swali la ubaoni halihami. Ukihamia kwa mkubwa bila kujua nani anatuma kwa jina lako, utafungiwa na huyo huyo uliyemlipa.

Nimalizie habari ya wazee. Kabla ya kukata usukumaji niliamua kuwapigia mmoja mmoja, maana si vizuri mtu aliyekufundisha afungiwe barua na mashine. Wa tatu alikuwa mwalimu wangu wa hesabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Umenikumbuka leo?"

Nikamweleza. Nikamwuliza kama huwa anabonyeza kile kitufe chenye alama ya taka.

"Kila asubuhi," akasema. "Si ndicho cha kutupia? Nikishasoma barua natupa."

"Zote?"

"Zote. Sanduku langu ni safi, uje uone."

Nikamwomba afungue folda ya taka, tukiwa bado kwenye simu. Nilimsikia akimwita mjukuu amletee miwani. Ukimya ukawa mrefu. Halafu akaanza kunisomea, polepole, kwa ile sauti ya kuita majina darasani: mfuko wa pensheni, mfuko wa pensheni, hospitali, mfuko wa pensheni, mwanangu wa Mwanza.